Nani aliyesema Ramisi imekufa?

Waliosoma shule ya msingi kabla ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985 bado wanaikumbuka orodha ile ya somo la jiografia: Miwani, Muhoroni, Chemelil, Mumias, Nzoia, Sony, na peke yake kule chini karibu na mpaka wa Tanzania, Ramisi. Mwalimu akiuliza sukari ya Kenya inatoka wapi, mtoto wa Kisumu na mtoto wa Kwale walikuwa na jibu moja. Kwa Pwani ya kusini hiyo ilikuwa heshima yake. Kwingine kulitajwa kwa nazi, korosho na watalii. Ramisi ilitajwa kwa kiwanda.

Leo jina hilo likitajwa mbele ya mgeni, jibu huwa moja tu: "Si ilikufa ile?"

Panda matatu Likoni, pita Ukunda, pita Msambweni, shuka Ramisi uone huo mji uliokufa. Kuna maduka, bodaboda wanaogombania abiria, akina mama wa viazi karai na samaki wa kukaanga, watoto wenye sare za shule na waumini wanaotoka msikitini. Kuna wadi inayoitwa Ramisi, moja kati ya wadi nne za eneo bunge la Msambweni, na kila baada ya miaka mitano wagombea humiminika huko kuomba kura kwa hao marehemu. Kisha nenda kusini zaidi upande wa bahari, kati ya Shimoni na Vanga, ufike Majoreni, kijiji cha mikoko, minazi na wavuvi ambacho hakijapata kuwa na kiwanda. Majoreni haisemwi imekufa. Haisemwi chochote. Katika magazeti ya Nairobi, mahali ambapo hapakupata kujengwa bomba la moshi hapana hata sifa ya kupoteza.

Nimelifikiria jambo hilo kwa muda, na nina neno moja la kusema kulihusu: sifa ya kufa si maelezo ya hali ya mji. Ni uamuzi, una aliyeutoa, na una anayefaidika nao.

Tuanze na uhai wenyewe. Kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilijengwa Miwani, karibu na Kisumu, mwaka 1922. Cha Ramisi kilifuata mwaka 1927. Baadaye mashamba na mitambo vikawa mikononi mwa familia ya Madhvani, wale wale wa Kakira nchini Uganda, chini ya jina la Associated Sugar Company. Watu wa huku hawakuhangaika na jina refu. Kwao ilikuwa "kampuni", basi.

Muwa haungoji. Ukishakatwa, sukari yake huanza kupungua. Ukilala juani siku mbili tatu, kiwanda kitasaga makapi na maji. Kwa hiyo mkataji shambani, dereva wa trakta, fundi wa boila na yule anayepika sukari walikuwa watu wa saa moja, usiku na mchana, kwa msimu mzima. Mkataji huinama, panga likapita chini kabisa karibu na udongo, kwa sababu shina la chini ndilo lenye sukari nyingi. Kisha hukata kilele na kukitupa, maana juu ni maji matupu. Akiacha kisiki kirefu kwa uvivu, ameacha pesa ya kampuni ardhini. Akikata vizuri, kisiki kile kile kitachipua na kutoa muwa mwingine bila kupandwa upya. Kazi hiyo ilifanywa kwa mgongo uliopinda, ndani ya majani yanayokata ngozi, kwa ujira wa kibarua.

Ni nani waliokuwa wakiifanya? Hapa ndipo pana sifa nyingine ya zamani, nayo inaudhi. Watawala wa kikoloni walilalamika miaka nenda miaka rudi kwamba Mdigo hataki kazi ya shamba la mzungu wala la Muhindi, na malalamiko hayo yakarithiwa na Wakenya wa bara kama ukweli mtupu: Mpwani mvivu. Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Mtu mwenye minazi yake, mkorosho wake, shamba la muhogo na bahari mlangoni, kwa nini akamkatie mtu mwingine miwa kwa senti? Asiyeuza nguvu zake kwa bei ya kutupa si mvivu, ni mtu mwenye mali. Wapo Wadigo waliofanya kazi Ramisi, tena wengi, lakini kampuni ilipotaka mikono mingi na ya bei nafuu ilitafuta mbali. Walikuja Wakamba, wakaja Waluo, na kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma, kaskazini mwa Msumbiji, wakaja Wamakonde.

Wamakonde walianza kuingia Kwale tangu miaka ya 1930, wakifanya kazi katika mashamba ya miwa na ya mkonge. Walioa, walizaa, walizika. Wengine walichonga mpingo, ufundi waliotoka nao kwao. Watoto wao walizaliwa hapa, wajukuu wao wakazaliwa hapa, wakasema Kiswahili na Kidigo. Lakini Uhuru ulipokuja mwaka 1963 hakuna aliyewaandikisha kuwa raia. Kampuni ilipokuwa hai, jambo hilo halikuuma sana. Kampuni ilikuwa na orodha yake, na jina lako likiwamo ulikuwa na kazi na mahali pa kulala.

Mwaka 1988 kampuni ikaanguka. Madeni, ukame, mavuno madogo ya miwa, mitambo iliyochoka. Sitarefusha hapo, maana viwanda vingi vya sukari nchini vimekufa kwa maradhi hayo hayo, na Ramisi ilitangulia tu. Jambo kubwa ni lililofuata. Mumias, iliyoanza kusaga mwaka 1973, ilipougua, nchi nzima ililijua joto la homa yake. Wabunge walipiga kelele, Januari 2015 serikali ikatoa shilingi bilioni moja kuiokoa, na hata ilipowekwa chini ya mrasimu Septemba 2019, kisha ikakodishwa kwa kampuni ya Sarrai ya Uganda mwishoni mwa mwaka 2021, kila hatua ilikuwa habari ya ukurasa wa kwanza. Ramisi ilianguka wakati wa chama kimoja, mbali na Nairobi, katika jimbo ambalo halikuwa na ubavu wa kumtisha mtu. Ilizimwa kimya kimya. Familia ile ile ya Madhvani ilinyang'anywa Kakira na kufukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, jambo baya kuliko deni lolote la benki. Mwaka 1985 ikarudishiwa mali, ikafufua kiwanda, na hadi leo Kakira ni jina kubwa katika sukari ya Uganda. Kwa hiyo msinieleze kwamba kufa kwa Ramisi kuliandikwa mbinguni.

Waliobaki nyuma ya geti lililofungwa ndio hao wakataji na watoto wao. Mmakonde asiye na kitambulisho sasa hakuwa na kampuni wala nchi. Bila kitambulisho huwezi kuandikisha laini ya simu kwa jina lako, kwa hiyo huna M-Pesa. Huwezi kufungua akaunti, huwezi kuomba kazi ya kaunti, huwezi kuandikiwa hatimiliki, na polisi akikusimamisha barabarani unatoa maelezo ambayo hayasikilizwi. Kijana wa Kimakonde aliyefaulu mtihani alirudi nyumbani kuchoma makaa.

Oktoba 2016 walichoka. Walifunga safari ya maandamano kutoka Kwale hadi Nairobi, wazee kwa vijana, wakazuiwa njiani na bado wakafika Ikulu. Tarehe 13 mwezi huo Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea, akawaomba radhi kwa kucheleweshwa, na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha. Mapema mwaka 2017 wakatangazwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Miaka 28 ilikuwa imepita tangu kampuni iliyowaita ifunge vitabu vyake. Niambie sasa, katika hadithi hii ni nani aliyekufa?

Ardhi nayo ina hadithi yake. Kiwanda kilipozimwa, maelfu ya ekari za miwa zilirudi kuwa msitu. Wenyeji waliokuwa wakidai tangu zamani kwamba babu zao waliondolewa hapo walirudi kulima. Waliokuwa vibarua, wakiwa hawana nauli wala pa kwenda, wakalima pia. Zikajengwa nyumba, ikapandwa minazi, yakachimbwa makaburi. Mnazi hauzai kesho; anayepanda mnazi amekusudia kukaa. Kwa karibu miaka 20 watu waliishi hivyo. Kisha mwaka 2007 serikali ikakodisha ardhi hiyo, ekari zipatazo 15,000, kwa kampuni mpya, Kwale International Sugar Company, ambayo watu wanaijua kwa jina la Kiscol. Omnicane ya Mauritius ikaja kuwa mbia. Kikajengwa kiwanda kipya chenye uwezo wa kusaga tani 3,000 za miwa kwa siku na kuzalisha umeme kutokana na makapi, na kufikia 2015 kilikuwa kimeanza kusaga.

Siku ile kalamu ilipotia saini, mkulima wa jana aliamka akiwa skwota.

Siandiki haya kuihukumu Kiscol. Kampuni inasema ina mkataba halali na serikali, na mkataba upo. Wakazi wanasema wana makaburi na minazi, nayo ipo. Kesi zilikwenda mahakamani, miwa ikachomwa moto usiku, nyumba zikabomolewa, fidia ikabishaniwa mti kwa mti. Baadaye kiwanda chenyewe kikaanza kusuasua kwa uhaba wa miwa na wa fedha. Lakini turudi nyuma kidogo tuangalie lugha iliyotumika kuifungua njia hiyo. Kwa miaka mingi viongozi, wawekezaji na, niseme wazi, sisi wa magazeti tuliandika "kufufua Ramisi". Mradi mzima ulijengwa juu ya picha ya maiti. Ukishasema mji umekufa, umeshasema pia kwamba hauna watu, na kilichobaki ni mirathi ya kugawanywa. Hakuna aliyesimama akauliza: wale wanaolima mahindi, muhogo na minazi juu ya kaburi hili, wao ni nani? Uchumi wao haukuhesabiwa kwa sababu haukutoa moshi.

Na sifa ya zamani ilitia mkono wake pia. Kwa nini miwa tena? Kwa nini si korosho, wakati kiwanda cha Kilifi kilichokuwa kikibangua korosho za Pwani nzima kilikuwa nacho kimefungwa, na wakulima wa Kwale wanauza korosho mbichi kwa madalali kwa bei ya huruma? Kwa nini si nazi? Jibu nililolisikia kila mara ni kwamba Ramisi ni ya sukari. Iliandikwa kitabuni. Mji ukishavalishwa joho la fahari yake ya zamani, hauvuliwi hata likiubana.

Tusidhani ni maradhi ya huku peke yake. Detroit ilipotangaza kufilisika mwaka 2013, dunia nzima ilipiga picha za viwanda vitupu na kuwasahau watu laki kadhaa waliokuwa wakiamka humo kila siku. Lakini sisi tuna mfano wa karibu zaidi, wa kutoka Majoreni kwa dau. Vuka mpaka kwa bahari au kwa Lunga Lunga na Horohoro, uingie Tanga.

Tanga ilikuwa jiji la mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 mwaka 1893, ikafika hai 62 tu, na kutokana na hiyo 62 ukaja utajiri mzima. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha tani zipatazo 230,000, ikaongoza dunia. Kisha zikaja nyuzi za plastiki, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, na kiwanda cha mbolea kilichofunguliwa hapo mwanzoni mwa miaka ya 1970 nacho kikafungwa. Kwa vipimo vyote Tanga ilianguka kwa kishindo kuliko Ramisi. Lakini je, Mtanzania ukimtajia Tanga atakwambia imekufa? Atacheka. Atakwambia habari za mahaba, za taarabu, za mapishi, na ule msemo wa waja leo waondoka leo. Tanga ilipoteza sifa ya mkonge ikajipatia nyingine, iliyotungwa na watu wake wenyewe, tena ya kupendeza. Jiji lililokuwa na sifa hiyo ya watu wake halikuonekana tupu hata lilipokuwa maskini, na Chongoleani ilipochaguliwa kuwa mwisho wa bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, hakuna aliyeandika kwamba Tanga inafufuliwa.

Ramisi haikupata bahati ya kujitungia sifa. Ilitungiwa, mara ya kwanza na kampuni na mara ya pili na waandishi wa tanzia.

Ndiyo maana naitazama Majoreni kwa jicho la pekee. Kijiji hiki kiliishi pembeni ya sukari bila kuilamba moja kwa moja. Wavuvi walikuwa na samaki, na watu wa laini za kampuni walikuwa na mshahara. Biashara haikuhitaji mkutano. Kampuni ilipoanguka, mnunuzi alipungua, lakini bahari haikufungiwa. Sitaki kupamba umaskini. Mvuvi wa Majoreni anajua vizuri kuliko mimi bei ya petroli ya mashine, uchache wa samaki wa karibu, na jinsi barafu inavyokosekana siku neema inapokuja, hadi samaki mzuri akauzwa jioni kwa bei ya kitoweo. Vijana wanakwenda Ukunda na Diani kutafuta kazi za hoteli, au Mombasa. Lakini hakuna aliyekuja Majoreni na mkataba mkononi akisema amekuja kufufua maiti, na nyumba ya mtu haikuvunjwa kwa ajili ya kumbukumbu ya mtu mwingine. Kutokuwa na sifa, kumbe, kuna nafuu yake.

Haya yote yangekuwa habari ya kale kama Kwale isingekuwa imefika tena penye njia panda ile ile. Desemba 2024 kampuni ya Base Titanium ilimaliza kuchimba madini huko Maumba na Nguluku, si mbali na Ramisi. Base iliununua mradi kutoka kwa Tiomin ya Kanada mwaka 2010, ikasafirisha shehena ya kwanza Februari 2014 kupitia Likoni, na kwa muda wa miaka kumi ilikuwa nguzo ya uchimbaji madini wa Kenya nzima: ilmenaiti, rutaili na zirkoni zilizochekechwa kutoka mchangani. Sheria ya Madini ya 2016 iliagiza mrabaha ugawanywe, asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii, na jamii ikaisubiri asilimia yake kumi mwaka baada ya mwaka. Sasa mitambo imenyamaza. Mafundi waliofunzwa kazi wamerudi nyumbani au wamekwenda migodi ya nchi nyingine. Wenye nyumba za kupangisha Ukunda na Msambweni wanahesabu vyumba vitupu.

Na tayari nimeanza kuisikia kwenye redio na kwenye mabaraza: Kwale inakufa.

Hapana. Mgodi umefungwa, kama ilivyojulikana tangu siku ya kwanza kwamba utafungwa, kwa sababu mchanga una mwisho. Kwale ina watu waliolima kabla ya Base na wakati wa Base. Chama cha ushirika cha PAVI, ambacho jina lake limetokana na pamba na viazi, kilikuwa kikikusanya mazao ya wakulima wadogo hatua chache kutoka kwenye mashimo hayo. Wapo pia waliohamishwa kupisha mgodi, baadhi wakapelekwa Bwiti, na hao wanaijua ardhi ile kwa majina ya miti yake. Mtu akisema Kwale imekufa, muulizeni anataka kupewa ekari ngapi.

Kwa hiyo ombi langu kwa Serikali ya Kaunti ya Kwale na kwa wizara inayosimamia madini ni dogo, na halihitaji bajeti kubwa. Wekeni hadharani ramani ya ardhi yote iliyochimbwa, ekari kwa ekari, ikionyesha iliyokwisha kurekebishwa na isiyorekebishwa, na majina ya familia zilizohamishwa. Ibandikeni Maumba, Nguluku, Bwiti, Msambweni na Ramisi, kwa Kiswahili, kabla mkataba wowote mpya haujatiwa saini na yeyote. Na waandishi wenzangu mtakaotumwa kuandika habari za Kwale baada ya Base: kabla hamjapiga picha ya mtambo wenye kutu, ongeeni kwanza na anayelima kando yake, mkamuulize kama ana hatimiliki.